Trela lilichomoka korongoni, ndo tukaanza kutafuta hitchi ya kuzunguka

Hasara tuliyoiona kwanza ni trei nne za mayai. Ile nyingine, ya chuma, tuliiona tulipoinama.

Tulikuwa tunatoka Engaruka kwenda Ngaresero, upande wa Ziwa Natron, gari ni Land Cruiser ile ya pikapu, HZJ79, injini 1HZ, na nyuma tumefunga trela la kambi: mahema, viti, meza, jiko, maji, chakula cha wageni sita na sisi wenyewe wanne. Wageni walikuwa gari lingine limeshatangulia, namshukuru Mungu kwa hilo, maana mgeni akishaona trela lako limelala pua chini safari nzima atakuwa anakuangalia vingine. Anayeijua njia ile anajua habari ya makorongo. Maji yanashuka kutoka ukuta wa Bonde la Ufa wakati wa mvua, yanachimba, na masika yakiisha unakuta pale ulipovukia mwaka jana pamehama, kwa hiyo kila dereva anatafuta pa kushukia kwa mshazari, na ukishuka kwa mshazari gari linalala upande huu na trela linalala upande ule.

Kushuka tulishuka vizuri. Kwenye kupanda sasa, tairi la nyuma kushoto la gari limeshakanyaga ukingo, trela bado liko chini na tairi lake la kushoto limeingia shimoni, nikasikia "kak!" afu gari likawa jepesi ghafla. Mwenzangu aliyekuwa ananiongoza kwa mikono akapiga kelele, "Simama kaka, simama hapo hapo!" Kushuka naangalia: kikombe cha trela kimetoka kwenye boli la gari (majina haya nayaeleza chini kidogo), cheni imeshika, ulimi wa trela umechoma mchanga karibu nusu futi, na pale ulimi unapoungana na fremu weldi imepasuka mstari mrefu unaopitisha kisu. Mayai yalikuwa yameshaanza kuchuruzika mlangoni.

Tuliinua kwa jeki, tukarudisha kikombe juu ya boli, tukafunga ulimi na fremu kwa mikanda ya mizigo na kipande cha nondo, tukatembea mwendo wa ng'ombe mpaka kambini. Hiyo siielezi sana, kila mtu aliyeendesha porini anayo ya kwake.

Niseme maneno ninayotumia ili tusipotezane. Hitchi ni kile kiungo chote kinachoshikanisha gari na trela. Boli ni lile duara la chuma la milimita 50 lililo nyuma ya gari, kikombe ni kile cha upande wa trela kinacholifunika, na ndani ya kikombe kwa nyuma kuna taya dogo linalobana boli lisitoke. Ulimi ni ile mihimili ya mbele ya trela. Nyuma ya gari pale boli linapofungwa wengine wanapaita toba, na baada ya siku ile mimi naona jina linafaa kabisa.

Tuliporudi Arusha kila mtu alikuwa na jibu tayari. Bosi: "Tununue ile hitchi ya kuzunguka, nimeiona kwenye simu." Fundi wa kuchomelea: "Blaza, hitchi haina kosa, ni weldi ya zamani hiyo, niachie niweke bamba." Mpishi yeye alisema niliendesha vibaya. Mi nikaomba siku moja tu kabla mtu hajatoa hela, niangalie kile kikombe vizuri, maana chuma kikigongana na chuma huwa kinaacha alama na alama ile haidanganyi kama sisi.

Nikakisafisha kwa dizeli na brashi ya waya, nikakigeuza juani. Kwenye mdomo wa kikombe, upande wa mbele, yaani unaotazama gari, kulikuwa na mkwaruzo unang'aa, upana kama kidole gumba, mdomo umejikunja kuelekea nje kidogo. Alama ya pili ilikuwa ubavuni, nyembamba zaidi lakini ya ndani zaidi. Na shingo ya boli nayo ilikuwa na alama mbili zinazolingana na hizo, moja mbele, moja ubavuni. Hapo unaanza kuelewa. Kikombe kinazunguka juu ya boli mpaka mdomo wake ugonge shingo, na ukishagonga shingo hauna pa kwenda tena, ile nguvu yote ya gari na trela inageuka kuwa wenzo unaokinyanyua kikombe juu, kama unavyofungua soda kwa kijiko. Taya likishindwa, kinachomoka. Taya lisiposhindwa, weldi inapasuka. Sisi tulipata vyote viwili.

Sasa alama ya ubavuni ni ya trela kulala upande tofauti na gari, hiyo ndo kila mtu anaiongelea akisema hitchi ya kuzunguka. Ile ya mbele ni kitu kingine kabisa. Hiyo inatokea gari likiwa linapanda kutoka korongoni pua juu na trela bado linashuka pua chini, gari na trela vinafanya V, mdomo wa mbele wa kikombe unaenda kukutana na shingo. (Ukiona alama iko nyuma, upande wa taya, ujue ni kinyume chake, gari limeanza kushuka na trela bado liko juu.) Ukitaka kukumbuka, fikiria kichwa cha mtu: kuna kuitikia ndiyo, kuna kukataa hapana, na kuna kujizungusha kama mshikaki juu ya mkaa. Trela linahitaji zote tatu. Ya kukataa hapana, yaani kukata kona, boli la kawaida linaiweza vizuri, nyuzi 60 kila upande. Kuitikia limepewa nyuzi 20 juu na 20 chini, na mshikaki nyuzi 25 kila upande, hivyo ndo viwango vya Ulaya vya boli la milimita 50. Barabarani hizo ni nyingi mno, hutazimaliza maisha yako yote.

Kwa korongo letu je? Safari iliyofuata nilipita pale na gari tupu, nikapaki kwenye zile zile alama za tairi, nikaweka simu yenye programu ya pima maji sakafuni mwa gari, afu nikarudi nyuma mahali trela lilipokuwa nikaweka ubao juu ya mashimo ya tairi zake na kupima tena. Gari limelala kulia nyuzi 11, trela lilikuwa limelala kushoto nyuzi 19, jumla 30. Kuitikia: gari pua juu 14, trela pua chini 9, jumla 23. Vipimo vya simu na ubao sio vya maabara, sawa, ila vyote viwili vimepita kiwango na vimepita kwa wakati mmoja. Na boli lenyewe lilikuwa limeliwa, kalipa ilisoma milimita 49.2, kwa hiyo hata lile taya lilikuwa linabana hewa kidogo.

Halafu uzito. Hapa ndo nilipoona aibu kwa sababu hili ni la kwetu, halina korongo ndani yake. Tulipeleka trela kwenye mizani ya mfanyabiashara wa nafaka likiwa limepakiwa vile vile kama siku ya safari, likasoma kilo 1,140. Wote tulikuwa tunasema ni kama 800. Afu uzito wa ulimi, yaani kiasi ambacho trela linakandamiza boli kwenda chini, huo unaupima nyumbani tu: ubao imara, upande mmoja uegemee bomba, upande wa pili uegemee mzani wa bafuni, ulimi uushushe juu ya ubao sehemu ambayo ni theluthi moja kutoka kwenye bomba, mzani utabeba theluthi ya mzigo, unazidisha kwa tatu. Mzani ulisoma 58. Mara tatu, 174. Nikarudi kwenye kikombe nikasugua ile sehemu iliyopigwa muhuri mpaka maandishi yakatoka kidogo, namba nyingi zimekufa kwa kutu lakini herufi S ilikuwepo, na mbele yake 75. Hiyo S ndo kilo inazoruhusu kukandamizwa. Tumeweka 174 mahali pa 75.

Zimetoka wapi? Tangi la maji la lita 80 liko mbele kabisa, mitungi miwili ya gesi ya kilo 15 iko mbele, ambayo ukihesabu na chuma chake kila mmoja unakaribia 30, na sanduku la vyuma vya jiko liko mbele, kwa sababu mlango wa trela uko mbele na kila mtu anapenda kuweka vitu mlangoni.

Kwa hiyo nilimwambia bosi hivi: hitchi ya kuzunguka tununue, ndiyo, ila tukiinunua tu na kuacha mengine ilivyo tutakuwa tumetibu ubavu na kuacha tumbo. Kuzunguka kunamaliza ile alama ya pembeni. Ile ya mbele inataka hitchi inayoitikia zaidi ya nyuzi 20. Na zile kilo 174 hazitaki hitchi yoyote, zinataka tangi lihame. Akasema, "Sawa, sasa leta hizo hitchi nizione." Basi tukaanza.

Ya kwanza ilikuwa ya bure karibu. Fundi mmoja alitaka kuchukua habu kuukuu ya gari, yaani kile kitovu kinachofungwa tairi, na spindo yake, ule mhimili ambao habu inazungukia, achomelee habu kwenye kikombe na spindo kwenye ulimi, iwe inazunguka kwa beringi. Ukiiangalia mezani inapendeza kweli, inazunguka laini hata kwa kidole. Nilikataa, na sababu yangu ni moja: beringi za tairi kazi yake kubwa ni kubeba uzito unaoshuka kutoka juu, sasa ukizifanya hitchi trela zima linavutwa kwa ile nati ya mwisho wa spindo na kipini chake cha kupinda, kila shimo, kila breki, mbele nyuma mbele nyuma. Siku nati ikilegea hakuna taya wala kitu, trela linabaki na spindo na gari linaondoka na habu. Kuna watu wanazo na zinatembea, najua, msinirushie mawe.

Ya pili, kikombe cha boli la kawaida lakini chenye shafti inayozunguka kwa nyuma ndani ya ala yake. Uzuri wake ni kwamba gari lolote lenye boli la milimita 50 linakuja kukuvuta ukiharibikiwa. Angalia tu boli uliloletewa, ya Marekani kuna ya inchi 2 ambayo ni milimita 50.8, na kuna ya inchi moja na sehemu saba za nane, milimita 47.6, hiyo ukiifunika na kikombe cha 50 inaingia vizuri sana na inatoka vizuri sana. Ubaya wa aina hii kwetu ni kuitikia: bado ni kikombe juu ya boli, nyuzi 20 zile zile. Ingemaliza alama moja, ikaacha nyingine.

Ya tatu ndo niliyokuwa naitaka mimi mwenyewe, ndoano ya kijeshi ya NATO na pete yake ya milimita 76. Imara kupita kiasi, vumbi halina la kufanya pale, inaitikia, inakataa, na zile ambazo shafti ya ndoano inazunguka unapata mshikaki kamili nyuzi 360. Ina kelele tu. Pete imelegea kwenye ndoano kwa hiyo kila unapoachia mafuta na kukanyaga tena inagonga ko-ko-ko, na kugonga kule kunaenda mpaka kwenye fremu ya trela na kwenye mayai. Na kama unaiweka hakikisha kinachozunguka ni kimoja tu, ndoano au pete, zote mbili zikizunguka ndoano inaweza kugeuka chini juu, mzigo ukaegemea kile kifuniko cha juu ambacho hakijatengenezwa kuvuta. Trela letu lina jiko, vyombo vya udongo na mtu anayeitwa mpishi, kwa hiyo kura yangu ilishindwa.

Ya nne na ya tano ni za Australia, na niseme tu wale watu wamelifikiria jambo hili kuliko wengine kwa sababu wanavuta manyumba jangwani wiki nzima. Kuna DO35, ya tani 3.5, ambayo gari linabeba pini iliyosimama wima na kichwa cha trela kinashuka juu yake na kujifunga chenyewe. Kuifunga ni rahisi kwa sababu unashusha tu. Kwetu ilikuwa kubwa kuliko trela, na ndani ina vitu vyake vya kujifunga ambavyo vumbi la Natron likiingia unatakiwa ufungue na kusafisha, lile vumbi la majivu ya Ol Doinyo Lengai ni laini kama unga wa sembe, linapita hata mlango uliofungwa. Nyingine ni ile ya mtindo wa krosi, McHitch wanafahamika kwayo, hata jirani yangu asiyejua gari alivyoiona akasema "mbona hii krosi ya propela?" Ndiyo, ni krosi ya propela shafti iliyokuzwa, kile kiungo cha msalaba kinachojikunja huku kinavuta. Pini moja ya kuitikia, pini moja ya kukataa, na nyuma shafti inayojizungusha. Hailegei, haigongi, kila mhimili una bushi yake, yaani kola ambamo pini inazunguka, na sehemu yake ya kupigia grisi.

Tuliamua hiyo ya krosi, ya tani 2. Bei ilimfanya bosi avue miwani, aipanguse, aivae tena. Kilichomaliza ubishi sio kuzunguka kwake, maana zote zinazunguka, ni bushi. Nilimpelekea fundi wa kukereza picha na vipimo nikamuuliza kama bushi zikiisha anaweza kuzitengeneza za nailoni hapa hapa mjini, akaangalia sekunde tano akasema "hizi tu? asubuhi unachukua." Upande wa gari nako hakuna maajabu, ni boksi la milimita 50 kwa 50 linaloingia ndani ya boksi jingine na pini, kwa hiyo kile kipande tunakihamisha gari hili kwenda lile.

Tani 2 kwa trela la 1,140, wengine watasema nimezidisha. Kuna hesabu Wazungu wanaitumia, inaitwa thamani ya D: uzito wa gari zidisha kwa uzito wa trela, gawa kwa jumla yao, zidisha 9.81. Gari letu likijaa ni tani 3.2, trela 1.14, jibu kilonyutoni 8.2 na ushee. Hiyo ni nguvu ya kuhesabia barabara ya kawaida. Korongoni, trela likiwa limekwama na wewe umeweka gia nzito unakanyaga, nguvu haiangalii karatasi, kwa hiyo ile nafasi ya juu sioni kama ni anasa.

Kufunga sasa. Ulimi ulikatwa pale palipopasuka, ukaongezwa bamba za pembeni zilizokatwa kwa umbo la almasi ili weldi isipite mstari mmoja kukatiza mhimili, hilo nililisimamia mwenyewe mpaka fundi akanichoka. Hitchi ikafungwa kwa bolti za M16 daraja la 8.8, spana ya kupimia Nm 200, baada ya safari ya kwanza tukakaza tena na mbili kati ya nne zilikubali kuzunguka kidogo, kwa hiyo usiruke hiyo hatua. Cheni tuliweka mbili badala ya moja, zinapishana chini ya ulimi kama kamba za viatu, ulimi ukianguka unaangukia juu ya cheni badala ya mchanga. Urefu wake lazima uachie kona na mshikaki, cheni fupi inageuza hitchi ya nyuzi 360 kuwa ya nyuzi 15, hili nimeliona kwa gari la jirani. Waya wa taa nao tuliubadilisha ukawa ule wa kujikunja kama springi. Na kile kikombe cha zamani? Hicho tumekitupa, tukanunua kipya cha kawaida ambacho matundu yake yanalingana na ya hitchi, kinakaa kwenye boksi la spana, siku gari letu likifa gari lolote lenye boli litatuvuta mpaka lami.

Breki hatukuweka. Hapa sijitetei. Ulaya na Australia trela likipita kilo 750 lazima liwe na breki zake, letu lina 1,140 na lina hendibreki tu ya kupaki, na zile hitchi za kusukumwa ambazo trela likikusukuma linajifunga breki lenyewe ziko kwenye vikombe vya boli kirahisi kuliko kwenye hii ya krosi. Jibu ni breki za umeme na kile kidhibiti cha kwenye dashibodi, bosi amesema msimu ujao, mimi kila tukishuka mlima wa Manyara natumia gia ya pili na kumkumbusha kwa simu jioni.

Kuitumia kuna shida zake mbili nimeziona. Kuunganisha kunataka tundu na tundu vikutane sawasawa ndo pini ishuke, boli lilikuwa linasamehe, hii haisamehi. Kwenye uwanja wa kambi ulioinama mtu mmoja anahangaika, wawili na mtarimbo mnamaliza dakika moja. Kuchomoa ni hivyo hivyo, pini ikiwa imebanwa na mwinuko usiipige nyundo, rudisha gari kama inchi moja, itapumua, itatoka kwa mkono.

Ya pili ni ya kiajabu kidogo. Boli lilikuwa linalalamika. Trela likianza kulala vibaya ulisikia chuma kinasaga, unasimama, unashuka kuangalia. Hii ya krosi imenyamaza kimya. Mwezi wa pili tangu tuifunge tulivuka korongo jingine karibu na Selela nikiwa napiga stori, nikaja kuona kwenye kioo trela limenyanyua tairi moja hewani na gari halijahisi chochote. Ni kweli wanavyosema kwamba trela likipinduka na hitchi ya kuzunguka gari linabaki limesimama, na hilo ni jambo kubwa, ila maana yake pia ni kwamba trela linaweza kupinduka na dereva hana habari. Tumefunga fito nyembamba kwenye kona ya trela na kipande cha kanga nyekundu juu yake. Fito ikilala kwenye kioo, nasimama.

Lile korongo letu tulilirudia tukiwa tumepakia kamili, ingawa ukingo ulikuwa umemeguka kidogo na mshazari ulikuwa mkali kuliko mwanzo. Mwenzangu alitembea pembeni ya hitchi ameinama anaangalia, anasema gari lilienda huku, trela likaenda kule, na ile krosi katikati ikawa inajipindapinda taratibu kama kiwiko cha mtu. Hakuna "kak". Kambini nilipima joto la bushi kwa mkono, baridi. Mayai yalivunjika mawili, na hayo mpishi alikiri aliyakalia.

Uzito wa ulimi tulishaushusha kabla ya hapo, tangi la maji limehamia juu ya ekseli, mitungi ya gesi moja mbele moja nyuma, mzani ukasoma 32, yaani kilo 96, ambayo ni asilimia 8 na kitu ya trela zima, pazuri. Nilidhani hilo limeisha. Wiki iliyopita nikaweka ubao na bomba bila kumwambia mtu, mzani 45. Kilo 135. Kufungua mlango: mafuta ya kupikia ndoo mbili, mchele, sufuria zote kubwa, na mtungi wa nyuma umerudi mbele.

Nikamwita mpishi. Hitchi mpya inazibeba hizo kilo, sio kesi, ila ule ulimi uliochomelewa sijauamini kihivyo.

"Kaka," akaniambia, "mafuta yakikaa nyuma mimi nitayafikiaje saa kumi na moja alfajiri na wageni wanataka chai? Nipande juu ya mahema?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu trela linarudi kwa fundi, anakata mlango wa pili nyuma.